Mlima Unaanza Hapa

Hapa Mpanda, jua huchelewa. Saa ni moja nchi nzima, lakini jua halina habari na saa yetu. Kutoka Dar es Salaam hadi huku ni nyuzi nane na ushee za longitudo kuelekea magharibi, kwa hiyo likishachomoza kule baharini sisi tunalingoja nusu saa nyingine na dakika za nyongeza. Mwishoni mwa Septemba tunaliona kwenye saa 12 na dakika 45 asubuhi. Naanza na hili kwa sababu matangazo ya mbio hupenda kuandikwa "saa 12 kamili asubuhi", na mtu aliyezoea kupiga jaramba jioni baada ya kazi hugundua siku yenyewe kwamba kilomita za kwanza ni za gizani, na kwamba barabara aliyoipita mara mia kwa bajaji haijui hata kidogo.

Ndiyo maana wiki tatu au nne kabla ya mbio za mji baadhi yetu wa klabu ya wakimbiaji tunaamka saa 10 na nusu alfajiri kwenda kukagua ruti. Asiyejua akituona atadhani ni mazoezi kama mengine, kumbe tunakimbia polepole kuliko uwezo wetu, tunasimama ovyo, tunageuka nyuma, tunainama kutazama chini. Mke wangu anasema tunafanana na watu waliodondosha pochi. Hajakosea sana. Siku hiyo miguu ni usafiri tu, kazi yenyewe ni ya macho.

Mzee aliyetutangulia klabuni alinifundisha kuanza na mwisho. Kilomita tatu za mwisho zikaguliwe kwanza, alisema, tena uzikague ukiwa umechoka, umeshakimbia 15 upande mwingine wa mji. Mwanzo wa mbio haudai akili, umati utakubeba. Mwishoni ndipo macho yanapofunga ukungu, na mtu mwenye ukungu machoni lazima awe na ramani miguuni. Tumeona mjini Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, Alphonce Simbu akiipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha. Kilomita 42 zote zilikwisha bila jibu, jibu likapatikana mita za mwisho uwanjani. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda ule ule, 2:09:48, tofauti yao sehemu tatu za mia za sekunde.

Mimi sigombani na Mjerumani yeyote. Lakini mwaka mmoja tulimalizia ndani ya uwanja, na kati ya lami na lango palikuwa na mtaro uliovukwa kwa mbao mbili zilizotosha mtu mmoja. Nilihesabu hatua kutoka kona ya mwisho hadi kwenye mbao zile: 84. Siku ya mbio vijana wawili walinikuta kwenye ile kona, tukaenda bega kwa bega, na kwenye hatua ya 80 nikajitupa mbele yao. Walibaki ng'ambo wakipishana kwa heshima, pita wewe, hapana pita wewe. Ulikuwa ushindi wa nafasi ya 61, lakini sijaacha kuusimulia.

Miinuko ya huku ina unafiki. Hatuna mlima wa kutangaza vita kama Usambara au Uluguru. Tuna miteremko mirefu ya taratibu inayojificha ndani ya miombo, na lami imeificha zaidi. Enzi za vumbi, barabara yenyewe ilikuonyesha ilikokwaruzwa na maji. Lami imepaka poda juu ya yote. Reli ya kutoka Kaliua, iliyoletwa enzi za Mwingereza kwa ajili ya madini ya risasi ya machimbo ya Mpanda, inaishia hapa mjini. Machimbo yalifungwa, reli ikabaki. Mhandisi wa reli hana budi kulibembeleza garimoshi, maana halipandi mwinuko mkali, kwa hiyo ukikimbia reli ikiwa jirani yako, tulia. Ukiiacha kituoni na kushika barabara ya Sitalike, huko hakuna aliyekubembelezea kitu.

Basi mimi hutazama mtaro. Mchanga ulioletwa na mvua za Machi huwa umelala kufuata maji yalikokwenda, na vijiti vimenasa kwenye jiwe kwa upande maji yalikotokea. Macho yakisema tambarare, mtaro ukasema panapanda, amini mtaro.

Lakini mwalimu wangu wa miinuko hakimbii. Anauza mkaa. Nilikuwa nimeshapishana naye Jumapili nyingi kabla sijapata akili ya kumwangalia: baiskeli ya chuma cheusi, magunia mawili nyuma yamefungwa kwa mipira ya tairi hadi yamenyonga, pedeli ya kulia imebaki msumari mtupu uliong'arishwa na kandambili. Anatoka porini kuingia mjini alfajiri, ndiyo njia yetu ya kurudia. Siku hiyo nilikuwa nyuma yake. Mahali ambapo mimi niliona barabara iliyonyooka kama rula, yeye akashuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na gunia kwa mkono mwingine, akaanza kusukuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mbona unashukia huku? Mlima si ule kule mbele?"

Hakusimama. Aliyebeba mkaa hasimami kwa ajili ya maswali. "Kule ndiko unakoonekana, baba," akasema. "Unaanzia hapa. Nikingoja kule, tutarudi nyuma pamoja, mimi na baiskeli."

Nikarudi pale aliposhuka, nikabonyeza saa yangu, nikapanda hadi kwenye kichuguu kilichoegemea mti wa mninga juu kabisa. Mita 600. Miaka yote nilikuwa najiandaa kwa mita 250 za mwisho, zile zinazoonekana, baada ya kuwa nimeshazichezea zile 350 kwa kasi ya tambarare. Kila mwaka nilifika kwenye mninga nikihema kama mbuzi wa mnada, nikalaumu chakula, nikalaumu usingizi, mwaka mmoja nikalaumu viatu na kuvigawa. Kumbe mlima ulikuwa umeanza na mimi sijashuka.

Tangu hapo kwenye kila ukaguzi nawatafuta wenye mizigo. Mama wa ndoo kichwani hubadilisha hatua kabla njia haijabadilika. Kijana wa guta hunyanyua makalio kwenye kiti mita 20 kabla ya mwinuko wowote unaostahili jina hilo. Saa za mkononi zenye setilaiti zinajitahidi, nami ninayo moja, lakini saa haijawahi kusukuma magunia mawili ya mkaa. Vijana wa klabu wananiambia ruti nzima wameshaiona kwenye simu, na mchoro wa miinuko wameuhifadhi. Sawa. Njia ya mwongo ni fupi, na kwenye kioo cha simu kila njia ni fupi.

Ukishajua mahali, unahitaji alama, na alama nazo zina adabu yake. Chagua kisichohama. Mwavuli wa mama lishe hauwi alama, siku ya mbio barabara imefungwa naye yuko kanisani. Nalisema hili kwa uchungu wangu mwenyewe. Mwaka mmoja kilomita ya 17 niliiwekea alama ya lori. Lilikuwa limekatika ekseli, limekaa pembeni wiki mbili, limewekewa mawe kwenye tairi, na nyuma yake yale matawi ya miti ambayo madereva wetu hutandaza barabarani kuonya kwamba mbele kuna tatizo. Nikajisemea, hili haliondoki mwaka huu. Nikapanga kila kitu kwa kulitegemea: kwenye lori nameza maji, kwenye lori naongeza kasi. Siku ya mbio nilikimbia, nikakimbia, lori halipo. Lilitengenezwa Ijumaa. Nilikuja kuzinduka kwenye kibao cha kilomita 19, na kasi yangu bado iko mfukoni. Matawi tu ndiyo yalikuwepo, yamekauka, nami nimeyakanyaga bila kuyasoma.

Matawi hayo yana ukoo mrefu katika nchi hii. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Tabora kuja Karema, pale ukingoni mwa Ziwa Tanganyika ambapo Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879, ilitanguliwa na kirangozi, na sehemu ya kazi ya kirangozi ilikuwa kuziba vijia vya uongo. Akifika panda ya njia anaweka tawi au nyasi kwenye njia isiyofaa, ili mpagazi aliyebaki nyuma na mzigo wake asipotee. Hakuwa mwenye nguvu kuliko wote. Alikuwa anaijua njia, na wale wenye nguvu walimfuata.

Kwenye kona na vipilefti mambo ni ya hesabu, nami sitakaa sana hapo. Ruti iliyopimwa kwa utaratibu wa kimataifa hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio kwenye gurudumu la mbele, na mpimaji hupita njia fupi kuliko zote, sentimita 30 tu kutoka ukingo. Ukizunguka nusu ya kipilefti ukiwa mita 3 nje ya mstari huo, umejizawadia mita 9 ambazo hakuna atakayekulipa. Basi tunapokagua tunapita mstari wa mpimaji, na tunatazama kama unapitika: pana mchanga? Pana tuta? Gizani tuta la barabarani ni mwizi.

Mteremko ndio ninaouogopa kuliko mlima, na ndio watu wasiokagua hawauoni kabisa kwa sababu unawapendeza. Juma Ikangaa wetu alishika nafasi ya pili kwenye marathoni ya Boston miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, ya kwanza kati ya hizo akikosa ushindi kwa sekunde moja nyuma ya Ibrahim Hussein wa Kenya. Njia ya Boston huanza kwa kushuka sana, halafu vilima vinamngoja mkimbiaji huko mbele baada ya kilomita ya 25, wakati mapaja yameshakopwa. Mteremko unakopesha, na unadai ukiwa mbali na nyumbani. Ikangaa alikuwa bingwa wa kweli, New York aliichukua mwaka 1989 kwa 2:08:01, na bado Boston hakuwahi kuipata. Kwetu kuna mteremko mmoja baada ya kugeuza. Nauonja kwenye kila ukaguzi kama mtu anayeonja pilipili, kwa ncha ya ulimi.

Halafu kuna yale ambayo huwezi kuyaona hata ukitaka, kwa sababu ya lile giza. Kwa hiyo alama nyingine ni za pua na masikio: mafuta ya maandazi yanayoanza kuchemka kwenye kilomita ya 4, mashine ya kusaga inayowashwa mapema, baridi ya ghafla miguuni inayokwambia umeingia bondeni. Binti mmoja wa kidato cha tatu anayekimbia nasi ana orodha yake ya mbwa, kwa sauti, nyumba hadi nyumba. Sijui mtu mwingine mwenye ramani nzuri kama hiyo.

Mbung'o nao wanataka kukaguliwa. Kule ambako nyumba zinaisha na pori linasogea, jua likishatoka, wanafuata kinachotembea, na wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, ndizo rangi za vitambaa vya mitego yao. Mwaka ambao klabu ilishona jezi za bluu tuliyajua hayo kwenye ukaguzi wa kwanza, migongoni. Jezi zikabaki za kupigia picha. Mbele zaidi, Sitalike, kwenye viboko wa mto Katuma na mwanzo wa hifadhi, mwenye haki ya kukagua ruti ni askari wa wanyamapori.

Mwaka jana siku ya mbio barabara ilifungwa hadi saa 3. Nilipogeuza kuelekea mjini, kundi la vijana lilikuwa mbele yangu, na kwenye ile rula iliyonyooka wakaongeza kasi. Kando ya barabara mzee wa mkaa alikuwa amezuiliwa pamoja na wenye baiskeli wengine, magunia yake yameegemea kibao cha kilomita, naye ameketi juu ya jiwe akitutazama tunavyopita. Mahali pake ni palepale. Nikafupisha hatua, nikateremsha mabega, nikaanza kusukuma.

Akanyanyuka kwenye jiwe. "Ehee!" akapiga kelele, akiwaonyesha wenzake kwa kidole. "Huyu ameshuka!"