Maagizo ya mama: kusoma Utendi wa Mwana Kupona karibu na Rusizi I

Kutoka chumba ninachopanga, juu kidogo ya mpaka wa Rusizi I, usiku naziona taa za Bukavu. Mto ni mwembamba pale, na daraja unalimaliza kwa dakika chache. Mama yangu yuko upande ule. Mimi na mwanangu tulivuka Februari 2025, vita ilipofika mjini. Yeye alikataa: miguu inamuuma, na nyumba hawezi kuiacha. Sasa kila asubuhi ananitumia sauti kwenye simu: "Ulishasali? Ulishakula? Mutoto alilala muzuri? Usiache mulango wazi." Neno "nakupenda" halimo. Miezi ya kwanza sauti ile ilinichosha. Nilitaka faraja, naye alinipa maagizo.

Kwa hiyo kundi letu la kusoma lilipochagua Utendi wa Mwana Kupona, niliusoma kama mtu mwenye kesi na mama yake.

Kwa asiyeujua: Mwana Kupona binti Msham alikuwa mtu wa kisiwa cha Pate, pwani ya kaskazini ya Kenya. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyepambana na sultani wa Zanzibar. Mume alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858 hivi mjane huyu, mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utenzi wa beti 100 na kidogo. Yeye mwenyewe hakuishi muda mrefu baada ya hapo.

Kiswahili chake ni cha Lamu, kigumu kwetu tuliozoea cha Kivu. Tulienda polepole, ubeti kwa ubeti. Lakini mwanzo tuliuelewa wote. Mama anamwita binti aje na wino na karatasi, akae karibu. Anasema maradhi yamemshika mwaka mzima, hakupata nafasi ya kumwambia neno jema. Anaahidi kumtungia kidani cha lulu na marijani. Unangoja pambo, unapewa orodha: shika dini, usiache faradhi, uwe na adabu, uwe mkweli.

Kwa maoni yangu nguvu ya utenzi huu iko hapo. Mama hasemi "usijali, mambo yatakuwa sawa." Anajua anaweza kufa. Anachofanya ni kuchukua upendo wake na kuugawa katika kazi ndogo ndogo, ambazo mtoto ataweza kuzifanya kesho asubuhi bila yeye. Hata Mungu anaingia kwa njia hiyo: ni sala, kwa saa yake. Mimi ni Mkristo, yeye alikuwa Mwislamu, na hapo sikuona umbali wowote. Sisi tuliokimbia tunaambiwa kila siku "Mungu yupo, jipe moyo", na maneno yakishapita hujui ushike nini. Agizo unaweza kulishika.

Lakini siwezi kusifu kila kitu. Sehemu kubwa ya utenzi ni juu ya mume: namna ya kumhudumia, na kwamba siku ya hukumu radhi yake ndiyo itakayompeleka mke peponi. Mama mmoja wa kundi letu, ambaye bwana wake hajulikani aliko, aliuliza: "Na sisi je? Ni nani atatufungulia?" Tulinyamaza. Mtafiti Ann Biersteker aliwahi kupendekeza kwamba kuna kejeli ndani yake, maana mume mwenye heshima zote hizo anatunzwa kama mtoto asiyejua kusema. Wazo hilo lilituchekesha kweli, ila halikumjibu yule mama. Tena Mwana Kupona anamwonya binti asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Upendo wake una ukuta, na sisi tuliozoea kubaki nje ya kuta za watu tuliuona haraka.

Alice Werner na William Hichens walipoutoa kama kitabu mwaka 1934, kichwa chao cha Kiingereza kilisema ni mawaidha juu ya wajibu wa mke. Nadhani kichwa hicho kinamfanya msomaji aishie katikati. Ukifika mwisho, habari za mume zimekwisha. Wamebaki mama na Mungu. Anawaombea watoto na ndugu, anaomba aponywe, halafu anawaambia wanawake wote wasome. Na mwenyewe anajiita gharibu, yaani mgeni, mpweke. Neno hilo lilinisimamisha. Alikuwa kwao, kati ya watu wake, na bado alijiona mgeni.

Jibu la yule mama, naona, liko hapo. Ndiyo, Mwana Kupona anasema mumewe alikufa akiwa radhi naye. Lakini wakati anatunga, mume hayupo. Aliomba moja kwa moja, bila mtu wa katikati, na aliyemwandikia ni mtoto wake. Alichokifanya ni kikubwa kuliko alichokifundisha. Nilimwambia yule mama hivyo. Hakusema amekubali, ila aliomba nakala aende nayo nyumbani.

Juzi mwanamke mmoja anayevuka na biashara aliniletea sambaza kutoka kwa mama, zimefungwa kwenye gazeti. Kabla sijaweka sufuria motoni, sauti ikaingia: "Usitie chumvi mingi, mutoto angali mudogo." Zamani ningekasirika. Safari hii nilitafuta kalamu. Nina daftari sasa, naandika tarehe na agizo la siku, ili mwanangu ayakute. Tumefika ukurasa wa nne.