Molimo si ya kaka peke yake

Tumekisoma tena kitabu cha Colin Turnbull, The Forest People (1961), juu ya Wambuti wa Epulu. Uzito wake uko kwenye molimo, ile tarumbeta ambayo wanaume wanaipuliza usiku, mtu akifa ama mawindo yakikosa, ili msitu uamke uwasikie watoto wake.

Wakati wa Wabelgiji, misheni ziliita mambo sawa hayo ushenzi, na watu wakafundishwa kuyaonea haya. Leo watoto wao, kaka na dada, wanauliza: turudie nini?

Turnbull anajibu vizuri. Alitegemea kuona kitu cha kuchongwa, akaonyeshwa bomba la chuma! Kwao sauti ndiyo ilikuwa na maana. Tena anatoa hadithi kwamba zamani molimo ilikuwa ya wanawake, wanaume wakawanyang'anya. Na anaeleza mama mzee aliyewafunga waimbaji kamba.

Lakini hapo anapita haraka. Wanaume anawasikiliza sana, wamama kidogo. Basi, dada anayerudi asiishie kwenye kitabu. Aende kwa wamama wazee wa kwao, wangali hai.