Kanisa la Kasika katika maandiko

Wengi wetu wa Bukavu tumejua Kasika kwa njia ya karatasi. Kwanza ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka mwezi wa kumi 2010, ile yenye visa 617 vya miaka 1993 mpaka 2003. Halafu kitabu cha Mmarekani Jason Stearns, cha 2011. Tarehe 24 mwezi wa nane 1998, kesho yake ya shambulio la Mai-Mai, askari wa RCD na wa Rwanda waliua, kwa hesabu ya ripoti, watu zaidi ya 1,000 kule Kasika, Kilungutwe na Kalama. Mwami wa Luindi na mke wake, padri, masista, wakristu. Hayo sibishi.

Neno langu ni juu ya namna ya kuandika. Katika ripoti, kanisa ni mahali tu, sawa na daraja ao njia panda. Msomaji wa Geneva ataona nyumba ya sala ambamo watu walifia, basi. Hatajua kwamba kijijini kwetu parokia njo inabeba maisha: shule, matangazo ya soko na ya salongo kisha misa, shirika inayokaa kusikiliza kesi ya mahari ao ya mpaka wa shamba, kengele ambayo hata asiyebatizwa anapangia siku yake. Njo maana pigo la Kasika lina uzito ambao hesabu haisemi. Mwami anagawa udongo na kulinda desturi. Padri anabatiza na kuzika. Wote wawili waliondoka siku moja. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule, nani alimwonyesha upande wa baba zake na upande wa sala?

Stearns amefanya vizuri zaidi, juu alikwenda mwenyewe na kusikiliza waliobaki. Lakini anaandikia wageni, analazimika kueleza vita kwanza, na kanisa linarudia kuwa uwanja wa vita. (Kalendari yetu, tarehe ile, inasoma Mtakatifu Bartolomayo tu.)

Ripoti yenyewe ni ya lugha za ofisi. Mama wa Kasika anayesema Kinyindu hawezi kuifungua aone kama wamemwandikia vizuri. Idadi imo, majina ya wakulima hayamo. Makatekista wa wakati ule wanazeeka. Wangeketi na kijana mmoja mwenye kalamu, wataje nani alikuwa anaimba, nani alikuwa anapiga ngoma, nani alikuwa anafungua mlango asubuhi.