Kabla zege halijamwagwa, kagua ringi

Hapa Munigi, karibu na mji wa Goma, msingi hauchimbwi kwa jembe. Chini ni lava iliyoganda, na Januari 2002 nyufa za mlima Nyiragongo zilifunguka hadi huku, lava ikateremka mpaka Goma. Mwamba huo hubeba mzigo vizuri, lakini haumkingi mtu na mtikisiko: baada ya mlipuko wa Mei 22, 2021, matetemeko yalifuatana kwa siku kadhaa na kuta nyingi za Goma zikapasuka.

Zege hustahimili mgandamizo. Likivutwa, nguvu yake ni kama sehemu moja tu ya kumi. Nondo ndizo zinazopokea mvuto huo. Hayo kila fundi anayajua. Kinachopuuzwa ni ringi, zile pete za nondo nyembamba zinazozungushwa kwenye nondo za wima za nguzo. Nguzo ikitikiswa, zege la nje humeguka, na ringi ambayo ncha zake zimekunjwa kwa pembe ya digrii 90 tu hufunguka, nondo za wima zikapinda kuelekea nje. Ncha zikikunjwa digrii 135, zikaingia ndani ya kiini cha zege, ringi hubaki imefunga. Karibu na kichwa na mguu wa nguzo ringi zikaribiane zaidi kuliko katikati, maana hapo ndipo nguzo huumia. Pesa zikipungua, mwenye nyumba hupunguza ringi kwanza na kubaki na nondo nene za kujivunia.

Nyumba ya mbao na mabati, ambayo wengi huiona ya muda tu, ina faida hapa: tetemeko husukuma kwa kadiri ya uzito, nayo ni nyepesi, na misumari yake hupinda kidogo kabla ya kukatika. Lava ikija ni habari nyingine, hata kwa nyumba yenye nondo. Chuma kikifika digrii 600 hivi za Selsiasi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, na lava ya Nyiragongo hupita joto hilo kwa mbali.

Adui wa kila siku ni mvua. Moshi wa mlima una gesi ya salfa, nayo huyapa maji ya mvua asidi inayokula zinki ya mabati. Kutu huanzia kwenye matundu ya misumari na kingo zilizokatwa, kwani hapo zinki imekwisha kukwaruzwa. Nondo nayo, ikifunikwa na zege la sentimita tatu hivi, huishi miaka mingi. Ile inayochungulia hupata kutu, ikavimba na kulipasua zege kutoka ndani.