Wakorosho ni Kina Nani?

Ukisoma riwaya ya Kufa Kuzikana na vijana wa Kuresoi, swali la kwanza halihusu mandhari wala tamathali. "Mwalimu, hawa Wakorosho ni kina nani? Na Wabaraki?" Wanataka kujua nani ni nani kabla hawajafungua ukurasa wa pili. Mwandishi wake, Ken Walibora, aliyekulia Cherangani na kulijua Bonde la Ufa, aliliona swali hilo likija toka mbali. Sehemu kubwa ya ufundi wa riwaya hiyo ya 2003 imo katika kulinyima jibu.

Nchi ni ya kubuni na makabila ni ya kubuni, lakini hebu tazama majina yenyewe. Korosho ni zao la pwani. Huku Mau, kwenye viazi, chai na pareto, halina mwenyewe. Marafiki wawili wanaonaswa na vita vya makabila hayo wanaitwa Akida na Tim. Akida ni cheo cha zamani kilichogeuka jina la mtu, na Tim ni jina la Kizungu lililokatwa mkia. Kuresoi jina la pili ndilo kitambulisho chako: herufi mbili tatu za mwanzo zinatosha kumwambia makanga kitovu chako kilizikwa wapi. Walibora ameziondoa. Msomaji atawapenda vijana kwanza, kabila ataulizia baadaye, akikumbuka.

Wako wanaoliita jambo hili woga. Mimi nakataa. Nyumba ziliteketea Molo na Olenguruone mwaka wa 1992, na uchaguzi wa 1997 nao ukaacha majivu. Tume ya Akiwumi ya kuchunguza mapigano hayo ya kikabila iliundwa 1998, lakini ripoti yake ikakaliwa hadi 2002. Majina halisi yalikuwa humo tayari, na aliyeyataka angeyapata. Riwaya ilikuwa na kazi nyingine.

Katama Mkangi alikuwa amejaribu kubuni nchi namna hii mapema, katika Walenisi ya 1995, naye ni mwana njozi zaidi. Ila jina la nchi yake ni kitendawili kinachojitegua: wale ni sisi. Walibora hatupi ufunguo wa namna hiyo, na kwangu hilo lina nguvu zaidi.

Kisha kuna kichwa cha riwaya. Neno hilo husemwa juu ya marafiki wa chanda na pete, nasi hulitamka bila kulitafakari. Lakini kile kiambishi -an- kinadai jambo lisilowezekana. Watu hupendana, husaidiana, huibiana hata. Kuzikana hawawezi, maana mmoja lazima abaki juu ya ardhi ameshika sepetu. Akida ndiye msimulizi, kwa hiyo tangu jalada msomaji anamtazama Tim kwa wasiwasi.

Pale ninapomlaumu Walibora ni kwenye udongo. Kabila la kubuni halina hatimiliki. Ugomvi wa Olenguruone una kumbukumbu za tangu miaka ya 1940, wakati wakoloni walipowapa watu makazi kwa masharti, wakayakataa, wakafukuzwa. Mwishoni mwa 2007, kura hazijapigwa, Kuresoi ilikuwa ikiungua tena, na waliotakiwa kuhama wakiitwa madoadoa. Chuki hiyo ilikuwa na ekari, na ilikuwa na kalenda. Ukibuni makabila bila kubuni mpaka wa shamba, chuki inaonekana kama homa iliyoletwa na upepo.

Kijana mmoja hapa anaandika hadithi yake ya njozi: marafiki wawili, falme mbili, ukungu usioondoka. Mpaka wa falme ni mtaro wa viazi, na kila msimu kuna anayeusogeza kwa jembe usiku. Hapo kampita Walibora. Falme zenyewe kaziita kwa mbegu za viazi, Washangi na Watigoni. Nikamwambia Tigoni ni mahali, iko Kiambu, msomaji wa Keringet atajua mara moja nani anasemwa. Akakuna kichwa, akakata kwa kalamu, akaandika juu yake: Washerekea.