Vijikaratasi vya Bradley

Mwaka 1601, katika tamthilia ya Poetaster, Ben Jonson alimfanya Horace amlishe mshairi Crispinus vidonge vya kutapisha. Crispinus akayatapika maneno yake ya majigambo, na kati ya matapishi yale limo strenuous. Masikioni mwa Jonson lilikuwa neno la kujitutumua, lenye harufu ya Kilatini. Leo daktari hulitumia kumkataza mgonjwa aliyetoka kupasuliwa asifanye kazi nzito, na hakuna anayecheka.

Anayeweza kutueleza neno lilivyosafiri hivyo ni mtunga kamusi. Katika Kamusi ya Oxford, sehemu ya ST iliangukia mikononi mwa Henry Bradley. Huyu alikuwa karani wa kampuni ya visu huko Sheffield, akajisomesha mwenyewe. Uhakiki wake wa sehemu ya kwanza ya kamusi hiyo, mwaka 1884, ulimvutia mhariri James Murray hata akamhitaji kazini. Malighafi yao ilikuwa vijikaratasi, mamilioni, vilivyotumwa na wasomaji wa kujitolea: neno, mwaka, mwandishi, kitabu, kisha sentensi yenyewe.

Mhariri hakimbilii kufasili. Huvipanga vijikaratasi kwanza kwa tarehe, halafu kwa maana. Chukua vya strenuous. Fungu hili linamsifu mtu, mchapakazi asiyelegea. Lile linaeleza juhudi au upinzani, kama wa mtu anayekataa katakata. Jingine linaeleza kazi, ile inayomtoa mtu jasho. Mpaka hapo hata mimi ningeweza. Ubingwa huonekana kwa kijikaratasi kisichokubali fungu lolote. Theodore Roosevelt, akihutubia Chicago mwezi Aprili 1899, aliyasifu maisha yaliyo strenuous. Sasa maisha si mtu, wala si kazi. Tukiweke wapi? Mvivu angekisukumia popote. Fundi hukiacha mezani, akakirudia kesho na keshokutwa, kwa sababu huenda ndicho kinachoonyesha sifa ikimtoka mtu na kuhamia kwenye jambo analolifanya.

Ndipo fasili iandikwe, nayo ina masharti: ikae mahali pa neno bila sentensi kuyumba, na isiwe ngumu kuliko neno lenyewe. Samuel Johnson, mtunga kamusi aliyewatangulia, pamoja na ukubwa wake, alilifasili network katika kamusi yake ya mwaka 1755 kwa maneno yanayomlazimu msomaji kuifungua kamusi hiyohiyo upya. Nampenda kwa mengi, ila si kwa hilo.