"Kipaza Sauti": Neno Moja, Vyombo Viwili

Neno "kipaza sauti" hutumika kwa chombo kinachopokea sauti na vilevile kwa kile kinachoitoa. Kasoro hii si ndogo. Mkazi wa Sanya Juu atakaye muziki sebuleni, jikoni na barazani kwa amplifaya moja ya bei nafuu, akisoma "unganisha vipaza sauti sambamba", ataunganisha nini? Spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba huwa omu 4; nne huwa omu 2, na amplifaya isiyomudu mzigo huo huweza kuungua. Aidha, maikrofoni haipazi sauti, bali huigeuza kuwa umeme. Mafundi wamekwisha kutenganisha maiki na spika. Tunapendekeza wafasiri wa vitabu vya maelekezo watumie "maikrofoni" na "spika", na "kipaza sauti" kiachiwe mazungumzo ya kawaida.